Chembe cha mshale kinachofunguka au kisichofunguka: kipi kinamfaa mwindaji?

Ukitaja upinde na mshale pale Kiseke, Ilemela, wengi watakumbuka sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kwa anayewinda swala au kulungu, ubishi uko kwenye chembe, yaani kile chuma kikali cha mbele ya mshale. Kiwe cha aina gani?

Kwa nini ni jambo kubwa?

Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unakata mapafu, moyo na mishipa mikubwa, mnyama anavuja damu mpaka anaanguka. Chembe kikishindwa kazi, mnyama anakimbia na jeraha, anateseka, na nyama inaishia kwa fisi.

Kisichofunguka

Makali yake yamekazwa, hakuna kinachocheza. Kinazama vizuri hata kikikutana na mbavu. Shida yake ni hewani: makali yanashika upepo, na kama upinde haujarekebishwa sawasawa, mshale unaenda kombo.

Kinachofunguka

Makali hukaa yamekunjwa mshale ukiwa hewani, kisha huchanuka yakigusa mnyama. Mshale unaruka karibu sawa na ule wa mazoezi, na jeraha ni pana, hivyo damu ya kufuatilia inaonekana. Lakini kule kufunguka kunakula nguvu ya mshale. Kikigonga mfupa wa bega au kikiingia kwa mshazari, kinaweza kukwama au kuteleza.

Uchague vipi?

Anza na upinde wako. Kama uzito wa kuuvuta uko chini ya pauni 50, karibu kilo 23, ushauri wa kawaida ni kisichofunguka. Upinde ukiwa na nguvu na mnyama amesimama ubavu, chochote kati ya hivyo viwili kitafanya kazi, mradi makali si butu na umefanya mazoezi nacho.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufuata mnyama. Kwa ndege na wanyama wadogo, mti uliochongwa unatosha. Kwa wakubwa hutumia chembe cha chuma kisichofunguka, mara nyingi msumari uliofuliwa, na hukipaka sumu ya mimea.

Usisahau sheria

Sumu hiyo si ya kuigwa. Na kwa mkazi wa Kiseke, chembe siyo hatua ya kwanza. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuwinda bila leseni ni kosa, uwe na bunduki au upinde, na unaweza kufungwa jela. Leseni kwanza, chembe baadaye.