Nafsi Isemayo na Nafsi Inyamazayo

Mama amuulizapo bintiye aliye chuo kikuu, "U mzima, mwanangu?" hujibiwa, "Mzima, mama," na huenda usiku wake alilala na machozi. Wapimao nafsi za watu walikumbana na kikwazo hicho hicho. Tangu mwaka 1965 walikuwa na dodoso la Mmarekani Morris Rosenberg, lenye sentensi 10 ambazo mtu huzikubali au kuzikataa: kwamba ana thamani, kwamba hana la kujivunia. Lakini mwanafunzi si mjinga. Hujua jibu lipi lapendeza, na lipi litamwonyesha kuwa mwenye majivuno.

Ndipo wakapitia mlango wa uani. Mwaka 1985 Jozef Nuttin wa Ubelgiji alionyesha kuwa watu hupendelea herufi zilizomo katika majina yao kuliko nyingine, wala wenyewe hawatambui sababu. Mwaka 1997 Shinobu Kitayama na Mayumi Karasawa wakawajaribu wanafunzi wa Japani, nchi ambamo kujisifu ni aibu na dodoso hujibiwa kwa unyenyekevu. Nao pia walizipenda herufi za majina yao, hata tarakimu za siku walizozaliwa. Ulimi ulinyenyekea, ila moyo haukujidharau. Sisi wa pwani, ambao mabinti zetu hufunzwa wasijitaje kwa wema, twalielewa hilo bila kufasiriwa.

Mwaka 2000 Anthony Greenwald na Shelly Farnham walitumia kompyuta. Mwanafunzi hubonyeza kitufe kimoja kwa maneno yamhusuyo yeye pamoja na maneno mema. Kisha hupangiwa upya, nafsi yake ikae pamoja na maneno mabaya. Akichelewa katika mpango huu wa pili, huhesabiwa kuwa anajithamini bila kujua.

Mwaka huo huo Jennifer Bosson na wenzake waliwapima wanafunzi wale wale kwa mizani kadhaa za namna hii. Mizani hazikuafikiana, na baadhi zilitoa jibu jingine waliporudia. Watafiti wakakumbuka kisa cha vipofu na ndovu, ambacho Imamu Ghazali naye alikisimulia katika Ihya.

Basi binti akija likizo na alama aliyopewa na simu yake, akasema, "Mama, imeonekana najichukia ndani kwa ndani," tumuulize ni mizani gani hiyo, na alipimwa mara ngapi. Kisha tumuulize habari za chuoni, tusimkatize.