Grand Canyon: Wiki mbili mtoni, na mchanga wa kulalia unaozidi kupungua

Wengi wanaoshuka Mto Colorado kwa boti za mpira ndani ya korongo la Grand Canyon, jimbo la Arizona nchini Marekani, huanza kuulizia Lava Falls kabla hata mizigo haijafungwa. Hapo maji yanachachamaa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya safari, na kila mtu anataka kujua kama boti itapinduka.

Swali ambalo wachache huliuliza ni hili: usiku watalala wapi? Kuta za korongo zinapanda zaidi ya kilomita moja na nusu katika baadhi ya maeneo. Mahali pa kutandika ni kwenye vipande vya mchanga kando ya maji, basi. Na vipande hivyo vinapungua.

Safari yenyewe ikoje?

Boti huingia majini Lees Ferry. Wengi hutokea Diamond Creek, kwenye ardhi ya Wahualapai, kama kilomita 360 mbele. Kwa boti ya injini ni kama wiki moja. Kwa makasia ni wiki mbili, wakati mwingine zaidi.

Huwezi kujitokea tu na boti yako. Anayetaka kwenda bila kampuni ya utalii anaingia kwenye bahati nasibu ya vibali, na kundi lake halizidishi watu 16. Bahati nasibu hiyo ilianza mwaka 2006. Kabla ya hapo kulikuwa na orodha ya kusubiri, na kuna waliokaa humo zaidi ya miaka kumi.

Ukishaondoka, hakuna duka wala mtandao wa simu. Chakula, mahema, majiko na dawa vyote vimo ndani ya boti, vimefungwa kwa kamba na mifuko isiyopitisha maji. Kituo pekee chenye majengo njiani ni Phantom Ranch, chini kabisa ya korongo, ambako hufikiwa kwa miguu, kwa nyumbu au kwa mto.

Maji makali yanatoka wapi?

Mto huu hauna maporomoko marefu kama ya Victoria. Unatulia kwa muda mrefu, kisha ghafla unabanwa na kuchafuka. Chanzo ni makorongo madogo ya pembeni. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mafuriko hubeba matope na mawe makubwa hadi mtoni. Mto unabanwa, maji yanapita juu ya mawe kwa kasi, na hapo ndipo mawimbi yanapozaliwa.

Sehemu iitwayo Crystal ni mfano mzuri. Kabla ya Desemba 1966 haikuwa ya kutisha. Mafuriko ya mwezi huo yalimwaga mawe mtoni, na tangu hapo waongozaji husimamisha boti juu yake, wanashuka na kutembea ukingoni kuangalia njia kabla ya kuthubutu.

Kuanguka majini nako kuna hatari ya pili: baridi. Kwa miaka mingi maji yalikuwa na nyuzi joto kati ya 8 na 10 hivi, hata pale hewa ya korongoni ilipopita nyuzi 40. Mtu anatokwa jasho juu ya boti, halafu akitumbukia mikono inakufa ganzi ndani ya dakika chache. Ndiyo maana jaketi la kujiokoa halivuliwi mtoni, hata maji yakitulia.

Hakuna kinachoachwa, hata kinyesi

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, waliokuwa wamepita korongo lote kwa boti walikuwa kama mia moja tu. Mwaka 1972 pekee walipita zaidi ya 16,000. Watu walikuwa wakizika kinyesi na majivu mchangani, na wengine wakaja kulala palepale. Fukwe zikaanza kunuka.

Leo sheria ni kali. Haja kubwa inakwenda kwenye chombo maalumu kinachofungwa na kubebwa hadi mwisho wa safari. Moto unawashwa juu ya sinia la chuma, na majivu yanaondoka na wageni. Makombo ya chakula nayo yanaokotwa.

Kinachowashangaza wageni ni haja ndogo: hiyo wanaelekezwa wakaifanye mtoni. Sababu ni kwamba mvua huku ni chache, hivyo mkojo ukimwagwa mchangani harufu inabaki. Mto una maji mengi ya kuuyeyusha.

Kwa hiyo tatizo la uchafu limedhibitiwa. Tatizo la mchanga wenyewe ni kubwa zaidi, na wageni sio chanzo chake.

Mto unaokupwa na kujaa

Kilomita kama 25 juu ya Lees Ferry kuna bwawa la Glen Canyon, ukuta wa zege wenye urefu wa mita 216. Lilianza kuzuia maji mwaka 1963, na nyuma yake likatokea Ziwa Powell. Ile baridi ya maji inatoka hapo: mabomba yanavuta maji ya chini ziwani, ambako jua halifiki.

Bwawa linazalisha umeme. Mahitaji yakipanda mijini, maji mengi yanaachiliwa, yakishuka, yanapunguzwa. Hivyo mto unakupwa na kujaa kama bahari, ingawa bahari iko mbali. Asiyejua hufunga boti jioni maji yakiwa juu, na asubuhi anaikuta imekaa juu ya mchanga mkavu na mizigo yote.

Mchanga umekwenda wapi?

Zamani mto ulikuwa mwekundu kwa matope. Theluji ya milimani ilipoyeyuka kila mwaka, mafuriko yaliinua mchanga kutoka chini na kuumwaga kando, pale maji yanapojizungusha. Hizo ndizo fukwe.

Sasa mchanga huo unatua chini ya Ziwa Powell. Bwawa limekata zaidi ya asilimia 90 ya mchanga uliokuwa ukiingia sehemu ya juu ya korongo. Maji yanayotoka ni safi, na maji safi yana njaa: yanakula fukwe bila kurudisha kitu. Na kwa kuwa mafuriko makubwa ya kila mwaka yamekwisha, vichaka vimeota pale palipokuwa wazi.

Kinachobaki kinaletwa na mito midogo, hasa Paria na Little Colorado.

Mafuriko ya makusudi

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka bwawa liendeshwe kwa namna itakayolinda korongo. Mwaka 1996 likafunguliwa kwa siku saba ili kuiga mafuriko ya zamani. Fukwe zilikua. Miezi iliyofuata zikaanza kuliwa tena.

Somo lilipatikana: mafuriko yasubiri hadi Paria ilete mchanga mpya. Jambo hilo limerudiwa mara kadhaa, ikiwemo 2012, 2018 na 2023.

Lakini kila mara kuna bei. Sehemu ya maji hayo hupitia mabomba ya pembeni yasiyozungusha mitambo, maana yake ni umeme usiouzwa. Na baada ya mafuriko ya siku tatu ya Aprili 2023, mabomba hayo yalikutwa yameharibika ndani. Ukame wa miaka mingi nao umeshusha ziwa, na mto huu unategemewa na watu wapatao milioni 40.

Jinja wanalijua hili

Afrika Mashariki imeshaona mvutano kama huu. Mjini Jinja, Uganda, wageni walikuwa wakishuka Mto Nile kwa boti za mpira kupitia Bujagali. Bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012 likayafunika maporomoko hayo, na kampuni zikahamia chini zaidi. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na sehemu nyingine ya maji makali ikazama.

Tofauti ni kwamba Jinja mabadiliko yalionekana mara moja: maporomoko yalikuwepo, kisha hayapo. Grand Canyon mawimbi ya Lava Falls bado yanapiga kelele, na picha za watalii zinapendeza kama zamani. Kinachoondoka kinaondoka chembe kwa chembe, usiku, chini ya boti zilizofungwa. Kundi linalofika kwenye kambi ya kesho likakuta imebaki nafasi ya mahema mawili, litalazimika kuendelea kupiga makasia huku jua likizama.