Ubongo Hujifunza kwa Kukumbuka

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu viwili, kimoja cha jua, kingine cha fisi-maji. Kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika, bila kukitazama, yote waliyoyakumbuka. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka zaidi kifungu kilichorudiwa: asilimia 81 dhidi ya 75. Waliopimwa baada ya juma moja walionyesha kinyume: asilimia 42 dhidi ya 56. Macho yapitiapo tena maneno yaliyozoeleka, mtu hudhani amekwisha kujua. Dhana hiyo ndiyo humlaghai mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Kulitafuta jambo akilini, ijapokuwa kwa taabu, huimarisha njia ya kulifikia. Mwalimu aweza kufungua kipindi kwa maswali matatu ya juma lililopita, madaftari yakiwa yamefungwa, wala asitoe alama.