Theluji Ni Kitu Gani, Maalim?

Katika dua za kufungulia Sala imo moja ambayo wengi wetu tumeisoma tangu utotoni. Ndani yake mja humwomba Mola wake amtenge mbali na makosa yake, amtakase, kisha amwoshe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Imepokewa kwa Abu Huraira kutoka kwa Mtume wetu (s.a.w.), nayo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Mimi nimeisomesha hapa Mazwi kwa miaka mingi, na kila nilipofika kwenye maneno mawili, thalj na barad, niliyafasiri yote kwa neno moja tu: barafu.

Siku moja mtoto wa kike aliinua mkono akaniuliza, "Maalim, mbona tunaomba barafu mara mbili?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani nilijua nimepatikana. Nikamjibu kuwa ni kutilia nguvu maneno, akanyamaza. Lakini usiku ule jibu langu lilinikosesha usingizi, maana nilimfunga mdomo mtoto kwa jambo nisilolijua. Ndipo nilipoanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Vitu viwili mbalimbali

Barad ni mvua ya mawe, na sisi watu wa Ufipa twaijua. Hushuka kwa ghafula, ikagonga mabati hata sauti ya msomaji isisikike, na ikiwa kali huyapasua majani ya mahindi na kuyalaza maharage chini. Asili yake ni tone la maji lililoganda ndani ya wingu la radi. Upepo uliomo winguni hulirusha juu, na maji mengine huligandia, hata likawa zito na upepo ukashindwa kulibeba. Ukiipasua punje kubwa, mara nyingi utaona duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu. Mwenyezi Mungu ameitaja katika Surat Nuur, aya ya 43, kuwa humpiga nayo amtakaye na humwepusha nayo amtakaye.

Thalj ndiyo theluji, na neno letu la Kiswahili limetoka huko huko. Huanzia kwenye chembe ndogo mno iliyoganda juu ya vumbi; kisha mvuke wa wingu huigandia moja kwa moja bila ya kuwa maji kwanza. Nayo hukua kwa pande sita, kwa sababu hivyo ndivyo chembe za maji zishikamanavyo zinapoganda. Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, jina lake Wilson Bentley, aliipiga picha chembe ya theluji mwaka 1885, na hata alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Hakupata kuona mbili zilizo sawasawa. Subhanallah!

Weupe wake nao ni ajabu, kwani barafu yenyewe haina rangi. Tazameni sukari: punje moja yang'aa kama kioo, lakini rundo lake ni jeupe, kwa kuwa nuru huirukia kila punje ikarudishwa huku na huku. Na theluji huanguka kimya, huku hewa iliyomo ndani yake ikimeza sauti za dunia. Mvua ya mawe hupiga mimea, bali theluji katika nchi za baridi huifunika kama blanketi, na ardhi iliyo chini yake haipati baridi kali ya juu.

Kwa nini haituangukii?

Mtu akipanda kutoka Muze, bondeni Rukwa, mpaka Sumbawanga, hutoka kwenye joto akalitafuta koti. Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800 juu ya bahari, na mji wetu kiasi cha mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua yapata nyuzi 6. Basi kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kimetuzidi zaidi ya mita 4,000; hapa kwetu pakiwa na nyuzi 18, kule huwa kiasi cha nyuzi 6 chini ya sifuri. Hii ndiyo siri ya theluji kukaa karibu na mstari wa Ikweta.

Tarehe 11 Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe ule. Alipomwuliza mwongozaji wake ni kitu gani, yule hakuwa na jina la kuupa ila "baridi". Khabari ilipofika Ulaya, mwanachuoni William Desborough Cooley, aliyekuwa London, aliikanusha. Lakini mwongozaji asiye na jina la kitu alikuwa karibu na ukweli kuliko msomi aliyekanusha asichokiona.

Ole wetu, theluji hiyo yatoweka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba yamkini itakwisha ifikapo mwaka 2050. Watoto ninaowasomesha leo hawatakuwa wamefika umri wangu. Wataisoma dua ile, na ishara yake katika nchi yao wenyewe haitakuwapo.

Nilirudi darasani nikamwambia yule binti mbele ya wenzake, "Uliuliza sawa, na mimi nilikujibu nisilolijua." Kisha nikawachukua wote dukani kwa jirani, akatufungulia friji. Ule unga mweupe ulioganda kwenye kuta zake hutokana na mvuke, karibu sawa na theluji. Kila mmoja aligusa kwa kidole. Yule binti akasema, "Kumbe ni laini!"

Enyi wazazi, mtoto akiwauliza, msimnyamazishe. Kuuliza si ujinga, na kusema "sijui" si aibu kwa mwalimu. Mwenyezi Mungu atuoshe makosa yetu, na hili langu likiwamo. Amin.