DAMU INASEMA NINI JUU YA KANSA YA PROSTATI?



Prostati ni tezi ya wanaume. Iko chini ya kibofu, nayo inazunguka njia ya mkojo. Kansa ya tezi hiyo ikienea, mara nyingi inakwenda katika mifupa ya mgongo na ya nyonga. Mtu aliyeinua vyuma miaka mingi atasema: « Ni kazi tu imenichosha. » Anapaka dawa, anangojea, na ugonjwa unaendelea. Basi ni vizuri kujua jinsi damu inavyomsaidia munganga kuona mbele.

Enzimu ni nini?

Enzimu ni kama fundi mdogo ndani ya mwili: kila moja ina kazi yake. Prostati ina enzimu zake, na kansa inaweza kuzifanya ziingie kwa wingi katika damu. Mwaka 1938, Alexander na Ethel Gutman wa New York walionyesha kwamba enzimu inayoitwa fosfataze asidi inapanda kwa wagonjwa ambao kansa yao imefika mifupani. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba ukipunguza homoni ya kiume, enzimu hiyo inashuka. Tangu hapo damu ikawa shahidi: inasema kama dawa inashinda ao inashindwa.

Siku hizi waganga wanapima zaidi PSA. Hiyo pia ni enzimu. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa.

Hesabu moja haitoshi

PSA ikipanda, usiseme mara moja: « Nimekufa. » Inapanda pia kama tezi imekua bila kansa, ao kama ina uambukizo. Munganga anatazama mwendo wake. PSA iliyopanda mara mbili kwa miezi mitatu inatisha kuliko ile iliyotumia miaka mingi.

Kwa mtu aliyetolewa prostati yote, PSA inapaswa karibu kutoweka baada ya majuma machache. Ikirudi na kufika 0,2 (nanogramu kwa mililita), na kipimo cha pili kikithibitisha, munganga anajua kwamba ugonjwa unaweza kuwa umerudi, hata kama mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2006 ulifuata wanaume ambao kansa yao ilikuwa imeenea. Walitazama PSA baada ya miezi saba ya dawa za kushusha homoni. Kwa wale ambao PSA yao ilifika 0,2 ao chini, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75. Kwa wale iliyobaki juu ya 4, nusu yao hawakupita miezi 13. Tangu hapo dawa nyingine zimepatikana. Lakini fundisho linabaki: PSA isiposhuka, munganga anapaswa kujua mapema, ili abadilishe dawa.

Kuna pia fosfataze alkali. Hiyo inatoka zaidi katika mifupa na maini. Ikipanda kwa mgonjwa wa prostati, munganga anafikiri juu ya mifupa, lakini anachunguza kwanza kama si maini ao mfupa uliovunjika.

Tufanye nini?

1. Tunza karatasi zote za labo pamoja, na tarehe zake. Karatasi ya mwaka jana inaipa maana ile ya leo.

2. Ukiweza, pimisha kila mara katika labo moja, maana vyombo vinaweza kutofautiana.

3. Usiache kwenda kwa munganga kwa sababu maumivu yamekwisha. Damu inaweza kuonya mbele ya maumivu.

4. Mkojo unaotoka kwa shida, damu katika mkojo, ao maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku: jionyeshe kwa munganga.

5. Mgonjwa wa prostati akianza kulegea miguu, ao kushindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku ileile. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na akichelewa anaweza asitembee tena.

Wewe mama, kama bwana yako anaficha mambo haya kwa haya, mwambie kwa upole. Tena uliza karatasi zake ziko wapi, uziweke mahali pamoja, na siku ya kuonana na munganga azichukue zote.