Nyumba Iliyopata Kuokoka

Katika nchi ya Uingereza, kando ya bahari, uko mji wa Ramsgate. Hapo, juu ya genge refu, imesimama nyumba ya matofali yenye mnara. Jina lake ni The Grange. Ilijengwa mwaka 1843 na 1844, wakati wa Malkia Victoria.

Aliyeijenga ni Augustus Pugin, fundi Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1812. Ndiye aliyechora mapambo ya ndani ya Bunge la London. Mafundi wengi wa siku zake walitengeneza kwanza uso wa nyumba upendeze. Vyumba vilipangwa baadaye. Pugin alianza ndani. Aliuliza: Watu watakula wapi? Watalala wapi? Watasali wapi? Kisha aliweka kuta na madirisha kwa kufuata haja zile. Ndani ya nyumba alijenga kikanisa, na karibu nayo kanisa la Mtakatifu Agostino, kwa fedha yake mwenyewe. Alifariki humo nyumbani mwaka 1852, akiwa na miaka 40 tu, akazikwa katika kanisa lile.

Mwanawe Edward, fundi kama baba yake, aligeuza na kuongeza mengi. Miaka ikapita, nyumba ikachakaa. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Landmark Trust, chama kilichoanzishwa mwaka 1965 ili kuokoa majengo ya zamani.

Basi likatokea neno gumu: warudishe nyumba ya baba, au watunze ya mwana? Mafundi hawakuvunja ovyo. Walichunguza kuta na michoro ya kale. Sehemu kubwa waliirudisha kama alivyoitaka baba. Baadhi ya kazi za mwana waliziacha. Karatasi za kupamba kuta zilichapwa upya, zenye neno la ukoo wa Pugin: En Avant, maana yake, Twende mbele.

Kazi ilimalizika mwaka 2006. Tangu hapo wageni hukodi nyumba nzima kwa siku chache. Hupika, hula mezani, hulala, na fedha yao husaidia kuitunza. Hivyo nyumba imerudia kazi yake ya kwanza, kukaliwa na watu.

Tukumbuke: nyumba isiyokaliwa huoza upesi. Anayetengeneza kazi ya wazee na aulize kwanza walikusudia nini, ndipo ashike nyundo.

Maulizo
1. Pugin alianza wapi kupanga nyumba yake?
2. Kwa nini mafundi hawakubomoa kazi yote ya Edward?
3. Wageni wanaisaidiaje nyumba hii?