Marekani: Karabini ya risasi za bastola na kioo cha nukta nyekundu, mambo ya kuchunguza mbele ya kununua

Ukiiona kwa mbali inafanana na bunduki ya vita: kitako cha kuegemeza begani, mtutu mrefu, magazini chini, kioo juu. Lakini risasi inayotoka ndani yake ni ya bastola, mara nyingi ya milimita 9. Nchini Marekani, karabini hii inaonekana sana kwenye maduka na viwanja vya shabaha. Chama cha mashindano ya shabaha USPSA kiliifungulia kitengo chake mwaka 2016, na mwishoni mwa 2017 kampuni ya Ruger ilileta sokoni PC Carbine yake.

Jambo hili linawagusa pia Wakongomani. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, DRC ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 18,000. Wengi wao walikulia mahali ambapo bunduki ni kitu cha askari ao cha waasi. Huko walikofika, jirani anaweza kuwa nayo nyumbani na duka linaiuza mchana. Anayetaka kununua, kwa mchezo ao kwa kulinda nyumba, anaweza kudanganywa na sura ya silaha kama hajui kazi yake.

Nguvu yake ni ya bastola

Risasi ya milimita 9 ilitengenezwa na Mwaustria Georg Luger mwaka 1902, na ilitengenezwa kwa ajili ya bastola. Ikitoka kwenye mtutu mfupi inaenda karibu mita 350 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa karabini, wenye sentimita 40 hivi, baruti inapata nafasi ya kuungua vizuri, na risasi inafikia karibu mita 400. Ni faida, lakini si kubwa. Risasi ya AK-47 inaenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na nguvu yake ni karibu mara nne ya ile ya milimita 9 inapotoka kwenye bastola.

Polisi wa Los Angeles walilipa gharama ya tofauti hiyo tarehe 28 Februari 1997. Majambazi wawili waliovaa fulana za kuzuia risasi walitoka benki ya North Hollywood wakifyatua bunduki za kivita. Bastola za polisi wa doria hazikuweza kupenya fulana hizo. Kisha tukio hilo, polisi wa doria walianza kupewa bunduki zenye nguvu zaidi.

Basi kwa nini watu wanainunua? Sababu kubwa ni urahisi wa kulenga. Bastola inashikwa na mikono peke yake. Karabini inashikwa na mikono, bega na shavu. Mtu asiye na mazoezi mengi anapiga karibu na alama kuliko akitumia bastola. Risasi zake ni za bei nafuu kuliko za bunduki kubwa, na kelele ni ndogo. Kwenye mita 25 ao 50 inafanya kazi yake vizuri. Lakini mtu asidhani kwamba risasi ya bastola haina hatari nyuma ya ukuta. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za ndani za mbao na bodi nyepesi, na milimita 9 inazipita bila shida. Anayelala upande wa pili ni mtoto wa nyumba ao jirani.

Namna inavyofanya kazi ndani

Karabini nyingi za bei ndogo zinatumia njia rahisi: kipande kizito cha chuma kinachofunga nyuma ya risasi kinasukumwa na moto wa baruti, kisha springi inakirudisha. Hakuna kitu kingine kinachokizuia isipokuwa uzito wake. Njia hiyo haiharibiki kwa urahisi na inasafishwa haraka, lakini bega linapigwa kuliko mtu anavyotegemea kwa risasi ndogo hivyo. MP5 ya Ujerumani, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, inachelewesha chuma hicho kwa magurudumu madogo. SIG MPX inatumia gesi. Hizo zinatulia mkononi, lakini bei inapanda mara mbili ao tatu.

Jambo la pili ni magazini. Mwenye bastola ya Glock anafanya vizuri kuchagua karabini inayokubali magazini za Glock, ili asinunue mara mbili. PC Carbine ya Ruger inaweza kubadilishwa sehemu ya magazini ipokee za Ruger ao za Glock. Aangalie pia sheria ya jimbo: California, New York na New Jersey haziruhusu magazini inayobeba zaidi ya risasi 10.

Jambo la tatu ni mwili wa mwenye kuitumia. Kitako kirefu mno kinamchosha mtu mfupi, na kama ni mke ndiye ataitumia, yeye ndiye aishike dukani.

Nukta inaonekana wapi?

Kioo cha nukta nyekundu hakirushi mwanga kwenye shabaha kama leza. Taa ndogo ndani yake inapiga kwenye kioo chenye rangi maalum, na mwanga unarudi kwenye jicho la mlengaji tu. Anaacha macho yote mawili wazi, anaangalia shabaha, na nukta inakaa juu yake. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilianza kuuza vioo vya namna hii mwaka 1975, na jeshi la Marekani lilichagua kimoja chake mwaka 1997.

Ukubwa wa nukta unapimwa kwa MOA. MOA 1 ni karibu sentimita 3 kwenye mita 100. Nukta ya MOA 2 inafunika sentimita 6 hivi kwa umbali huo. Ya MOA 6 inafunika karibu 17. Nukta kubwa inaonekana haraka, ndogo inalenga kwa uangalifu. Kwa karabini isiyopita mita 100, wengi wanatosheka na kati ya 2 na 4.

Mbele ya kulipa, mnunuzi aangalie ndani ya kioo chenyewe. Wenye ugonjwa wa jicho unaoitwa astigmatizimu wanaona nukta kama nyota ao kama alama ya mkato. Kipimo ni rahisi: piga picha ya nukta kwa simu. Kama kwenye picha ni duara, kioo ni kizima na jicho ndilo lenye shida. Mtu huyo apunguze mwanga wa nukta, ao achague kioo cha prizima chenye alama iliyochongwa ndani.

Aulize pia kuhusu betri. Aimpoint Micro T-2 inawaka masaa 50,000, zaidi ya miaka mitano, lakini bei yake inaweza kupita ile ya karabini yenyewe. Vya bei ndogo vipo; cha muhimu ni kwamba kisizimike na kisihame kila silaha inapopiga.

Nukta na mtutu haviko pamoja

Kioo kinakaa sentimita kadhaa juu ya mtutu. Kwa hiyo kwenye mita tano, risasi inapiga karibu sentimita 5 chini ya nukta. Aliyerekebisha kioo kwa mita 50 ataona risasi ikishuka sentimita 15 hadi 20 kwenye mita 100. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachoondoa hesabu hiyo. Inajifunzwa kwenye uwanja wa shabaha, kwa risasi zile zile zitakazotumika.

Sheria haisamehe

Mnunuzi dukani anajaza fomu ya serikali 4473 na historia yake inachunguzwa. Kumnunulia silaha mtu aliyekatazwa na sheria, hata ndugu, kunaweza kuleta kifungo hadi miaka 15 chini ya sheria ya 2022. Karabini yenye mtutu chini ya inchi 16, yaani sentimita 40.6, inaombewa kwanza kibali cha serikali ya taifa. Anayekata mtutu bila kibali anafanya kosa kubwa.

Na kuituma nyumbani bila leseni ya kusafirisha silaha ni kosa huko Marekani. Huku DRC, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa ya serikali kwa kumiliki silaha. Aliyenunua kihalali mjini Dallas hawezi kuivusha mpaka wa Goma kwa risiti ya duka.